Tovuti zetu hazifi, zinakufa nenosiri

Kuna neno moja ambalo nimechoka kulisikia, kutoka Kasongo hadi Kabambare: "Tovuti yetu ilikufa." Linasemwa na viongozi wa vyama vya wakulima, linasemwa na wakubwa wa shule, linasemwa na watu wa mashirika ya raia, tena kwa sauti ya kutangaza msiba, kama vile Mungu ndiye aliyeamua. Ukiuliza ilikufa namna gani, hakuna anayejua. Ukiuliza nani alikuwa na nenosiri, wanatazamana. Ukiuliza ilikuwa inakaa kwenye mashine gani, katika mji gani, kwa jina la nani, wanakutajia kijana mmoja aliyekuja na mradi, akakaa siku tatu, akala, akapiga picha ya watu wameshika bango, akapanda pikipiki akaenda.

Hiyo si kifo. Tulikabidhi nyumba yetu kwa mtu, ufunguo akabaki nao, na sisi tukabaki tunaimba wimbo wa maombolezo nje ya mlango. Nasema leo kwamba vijana wetu wa kiume na wa kike wa huku Lusangi wanaweza kujifunza kuandika wenyewe faili zinazoiendesha seva, na kwamba kila chama kinachoendelea kulipa bila kujifunza kinatupa makuta ya wanachama wake mtoni.

Nianze na lile linaloniuma, maana wengine watasema hii ni michezo ya vijana wenye simu kubwa. Eneo la Kabambare lina dhahabu ya Namoya, kule Salamabila. Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema kampuni inayochimba inapaswa kukubaliana na jamii juu ya kitabu cha ahadi, kile ambacho wakubwa wanakiita kaye de sharji: shule gani itajengwa, barabara gani itatengenezwa, maji yatafika wapi. Inasema pia itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Na katika ushuru wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya usultani au sekta ambamo mgodi uko. Sasa nauliza: maandishi ya namna hiyo, yanayohusu haki ya mtoto wa mchimbaji na ya mama anayeuza mihogo, yanakaa wapi? Yako katika kabati la mtu. Yako katika simu ya mjumbe mmoja wa kamati, amepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, nusu ya picha ni giza. Yalikuwa kwenye tovuti, lakini tovuti "ilikufa".

Ni hivyo hivyo kwa orodha ya waliokimbia vijiji vyao wakati wa mapigano, kwa mapatano ya mipaka ya mashamba yaliyotiwa sahihi mbele ya wazee, kwa hesabu za ushirika. Mimi mwenyewe naandika habari hizi kila juma, na ninajua kwamba habari iliyowekwa katika kundi la WhatsApp inaishi mpaka mutu abadilishe simu. Ile iliyowekwa Facebook inafunikwa na mazishi, mpira na mahubiri kabla jua halijazama. Mwaka mmoja baadaye, ukitaka kumwonyesha mkubwa kwamba aliahidi, hutaipata. Yeye anajua hutaipata.

Kwa hiyo tuzungumze juu ya seva, taratibu, bila woga. Seva ni kompyuta inayokaa imewaka, ikingoja kuulizwa. Simu yako inauliza, "Nipe ukurasa wa habari za Lusangi", yenyewe inajibu. Ndani yake kuna programu inayofanya kazi hiyo ya kujibu. Inayotumika sana ni Apache au nginx. Na programu hiyo haina akili yake. Inafungua faili moja ya maandishi, inasoma imeagizwa nini, inatii. Faili hiyo ya mipangilio ndiyo wanayotuficha.

Ona jinsi ilivyo ndogo. Kwa nginx, seva ya kijiji inaweza kuanza na haya tu:

server {
    listen 80;
    server_name lusangi.lan;
    root /srv/habari;
}

Mstari wa pili unasema: sikiliza kwenye mlango namba 80, mlango ambao kurasa za mtandao hupitia tangu mwanzo. Wa tatu unasema: anayeuliza jina hili, ni mgeni wangu. Wa nne unasema: kurasa ziko katika folda hii, chukua humo. Mabano yanafungua na kufunga, kama uzio wa lupango. Basi. Hapo ndipo uchawi wote ulipo. Mama anayeandika daftari la AVEC kijijini, yule anayejua nani alinunua hisa ngapi juma hili, nani alikopa, riba ni kiasi gani, na nani hapewi mkopo mpaka alipe wa kwanza, anafanya kazi ngumu kuliko hii. Daftari lake lina sheria nyingi zaidi, na watu wanaogombana juu yake.

Ni kweli mashine ni kali kuliko wanachama wa AVEC. Ukisahau ile alama ya mkato na nukta mwishoni mwa mstari, inakataa. Fundi wetu wa mradi alikuwa anatuambia hilo kwa uso wa kutisha: "Mukigusa, kila kitu kitaanguka." Kile ambacho hakutuambia ni kwamba kuna amri ya maneno mawili, nginx -t, inayosoma faili nzima kabla haijatumika na kukutajia kosa liko faili gani, mstari wa ngapi. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari huo au ule ulio juu yake. Hakutuambia pia kwamba hata ukiiagiza nginx isome upya mipangilio yenye kosa, inakataa ile mpya na kuendelea kufanya kazi na ile ya zamani. Hakuna kinachoanguka. Ni mashine yenye subira kuliko mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Tena kuna nakala. Kabla ya kugusa faili, unaiga na kuiweka pembeni. (Angalizo kwa vijana wanaoanza: usiiweke nakala hiyo ndani ya folda ileile ya sites-enabled, maana nginx inasoma kila faili iliyomo humo, na utakaa usiku mzima unashangaa kwa nini inalalamika kwamba jina limetajwa mara mbili.) Ukiharibu, unarudisha ya jana. Mkulima akikosea mbegu anangoja msimu mwingine. Huku unangoja sekunde mbili.

Na jambo linalonifurahisha kuliko yote: mstari unaoanza na alama ya reli, #, mashine haiusomi. Umeachiwa mwanadamu. Humo unaweza kuandika kwa Kiswahili chako, "# Folda hii ni ya kamati ya migodi, usiihamishe bila kumwambia katibu", na fundi atakayekuja baada ya miaka mitano ataelewa. Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya wakati wa Tippu Tip, historia chungu. Lakini tulikifanya kikawa chetu, tunaombea nacho, tunagombania mashamba nacho. Sioni kwa nini kisimame mlangoni pa kompyuta. Kwa nini maelezo ya seva ya kijiji cha Maniema yaandikwe kwa Kifaransa kibovu ambacho mwandikaji mwenyewe hakielewi?

Sasa tuje kwenye makuta, maana hapo ndipo watu wanaamka. Chama kimoja ambacho mimi ni mwanachama wake kililipa kila mwaka kwa kitu kilichoitwa "usalama wa tovuti". Tulichanga, wengine walileta mchele badala ya fedha, katibu akauza mchele, akatuma. Kumbe kitu chenyewe kilikuwa cheti, kile kinachofanya anwani ianze na https na kufuli ndogo kuonekana juu. Vyeti hivyo vinatolewa bure na Let's Encrypt kwa dunia nzima tangu mwisho wa 2015. Bure kabisa. Kila kimoja kinadumu muda mfupi tu, na programu ndogo inakifanya upya yenyewe ukishaandika mipangilio mara moja. Anayelipwa kwa kazi yake ya saa moja, sawa, kila fundi anakula jasho lake. Lakini kumwuzia mkulima kitu cha bure kila mwaka, ukimwambia kwamba bila hicho wezi wataingia, hiyo ina jina lake katika Kiswahili na sitaliandika hapa.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Fundi mwingine aliyeshika tovuti ya chama hicho baadaye alikuwa mtu mwema. Alikaa Goma. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ukaingiliwa na M23, Februari ikawa zamu ya Bukavu, benki zikafungwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Naye alikimbia. Nani atamlaumu? Hakubeba kompyuta yake, alibeba mama yake. Siku ya malipo ya mwaka ikapita, tovuti ikazimika, na sisi huku hatukuwa na hata mstari mmoja wa mipangilio ulioandikwa kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tabia ya fundi si neno. Awe mwizi, awe mtakatifu, ufunguo mmoja katika mfuko mmoja ni hatari ileile.

Watu wanadhani mambo haya yalitoka katika maabara zenye milango ya chuma. Seva ya kwanza ya mtandao iliwashwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, mwaka 1990, kwenye kompyuta ya NeXT. Juu yake alibandika karatasi, akaandika kwa mkono, kwa wino mwekundu, kwamba mashine hii ni seva, msiizime. Fikiria hilo! Mtandao wa dunia nzima ulikuwa unalindwa na karatasi, kama ile anayobandika mwalimu kwenye mlango wa ofisi yake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachilia kazi hiyo bure kwa kila mtu. Mwaka 1995 wasimamizi wa tovuti waliochoka na programu iliyoachwa bila mwenyewe wakaanza kubadilishana marekebisho yao kwa barua pepe, na hiyo ndiyo Apache. Nginx ilianzishwa na Murusi mmoja, Igor Sysoev, akaitoa wazi mwaka 2004, kwa sababu seva za wakati ule zilikuwa zinalemewa na watu wengi kwa mara moja. Hakuna hata mmoja kati yao anayekudai senti. Anayekudai ni yule aliyesimama katikati.

Kuna watakaoniambia: "Wewe mwandishi, unaota. Intaneti yenyewe iko wapi?" Swali zuri. Mtandao wa simu huku unakuja na kuondoka kama mvua ya Septemba. Na hata ukiwepo, haumo mikononi mwetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali iliagiza intaneti ikatwe nchi nzima. Ikakatwa kesho yake, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, na ilikaa hivyo karibu siku 20. Kati ya 2020 na 2022 tulikatwa pesa ndani ya vocha zetu kwa ile RAM, dola moja kwa simu ndogo na dola saba kwa simu kubwa kwa mwaka, mpaka watu wakapiga kelele ikafutwa. Nani alituuliza?

Lakini seva haihitaji intaneti ili iwe seva. Hili ndilo watu hawalijui, na nataka mlisome mara mbili. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ukubwa wa sanduku la biskuti, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 35, inatosha. Unaiunganisha na kisanduku cha Wi-Fi, unaandika ile mistari minne, na kila simu iliyo karibu, uwanjani mwa shule, kwenye kituo cha afya, sokoni, inafungua kurasa bila vocha, bila antena ya kampuni yoyote. Kamati ya migodi inaweka kitabu cha ahadi humo. Mwalimu anaweka masomo. Ukitaka, unaweka Kiwix, programu inayokuwezesha kutembeza Wikipedia yote ya Kiswahili au ya Kifaransa kutoka kadi ndogo ya kumbukumbu, na mtoto wa sekondari wa Lusangi anasoma kile anachosoma mwenzake wa Paris. Siku intaneti ikipatikana, unabeba nakala kwenda nje. Wakikata nchi nzima tena, kurasa zetu zinabaki zimesimama. Hazitaleta habari za Kinshasa, ni kweli. Zitashika za kwetu.

Umeme? Tufanye hesabu, maana wengi wanatupa neno hili kama jiwe ili mazungumzo yaishe. Kompyuta ndogo hiyo inakula karibu wati 5. Kisanduku cha Wi-Fi, tuseme wati 10. Jumla 15, sawa na balbu moja ya duka. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600. Tusiimalize, tutumie nusu tu ili isife mapema, 300. Gawanya kwa 15: saa 20. Paneli moja ya jua ikiijaza mchana, umepita usiku. Wanaochaji simu za watu sokoni kwa franka wanatumia zaidi ya hapo kila siku, na hakuna aliyesema kwamba biashara ya kuchaji simu haiwezekani Maniema.

Shida ya kweli ni nyingine, na ni bora niiseme mwenyewe kabla hamjaigundua: umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na vumbi na joto letu havina huruma. Kwa hiyo mashine inazimwa kwa amri, siyo kwa kung'oa waya. Betri inaachwa katikati ili kukatika kusiwe kwa ghafla. Na kadi ya pili, nakala kamili, inalala katika bahasha nyumbani kwa mtu mwingine. Ni utunzaji tu, kama ule wa mashine ya kusaga. Kila kijiji chenye mashine ya kusaga kina mtu anayejua sauti yake ikibadilika.

Wala si ndoto isiyojaribiwa katika Kongo yetu. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watu walisimamisha mtandao wao wa jamii, wakauita Pamoja Net, pamoja na shirika la Ensemble pour la Différence, na mwami Ntambuka akawa nyuma yao. Idjwi haina barabara ya kuiunganisha na mtu yeyote, ni maji pande zote. Sisi angalau tuna njia ya pikipiki, hata kama wakati wa mvua inatuaibisha. Niwakumbushe masultani na wakuu wa sekta jambo moja katika habari hiyo: mwami hakungoja Kinshasa.

Wapo watakaosema wadukuzi wataingia. Wataingia wapi zaidi kuliko sasa, ambapo nenosiri la chama ni jina la chama likifuatiwa na 123, na linajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa ofisini? Anayesoma faili ya mipangilio anajua nini kimefunguliwa na nini kimefungwa. Ataona kama kuna mstari unaosema autoindex on, unaomruhusu mpita njia kuona orodha ya faili zote za folda, pamoja na zile za siri. Ataondoa. Asiyesoma ataomba Mungu tu.

Na wapo, hawa nawaheshimu zaidi, wanaosema: "Tukimfundisha kijana, kesho atakwenda Kindu au Lubumbashi na elimu yake." Atakwenda, ndiyo. Vijana wetu wanakwenda migodini na hawarudi, wanakwenda masomoni na hawarudi, tusijidanganye. Kwa sababu hiyo asifundishwe mmoja. Wafundishwe watatu kwa kila chama, na mmoja wao angalau awe mama mwenye watoto na shamba, ambaye hana mpango wa kuhama. Kila badiliko liandikwe kwenye ile mistari ya reli, kwa Kiswahili, na tarehe na jina. Halafu faili yote ichapwe kwenye karatasi na ikae pamoja na daftari la chama. Inaingia ukurasa mmoja au miwili! Kijana akiondoka, anaondoka na akili yake tu, si nyumba yetu.

Neno kwa walimu na wakubwa wa shule. Katika shule nyingi za huku tunafundisha kompyuta kwa chaki. Mtoto anachora klavie ubaoni, anakariri kwamba kipanya kina vitufe viwili, anapata nane juu ya kumi, na hajawahi kukigusa. Sitaki kuwacheka walimu, mishahara yao tunaijua na siku inapofika tunaijua. Lakini faili ya mipangilio ni maandishi, na maandishi ndiyo kitu pekee ambacho ubao unafundisha vizuri! Mistari ile minne inaweza kuandikwa ubaoni Jumatatu, kukosewa makusudi Jumanne, watoto watafute alama iliyokosekana, na Ijumaa waandikwe kwenye kompyuta moja ya kukopa, zamu kwa zamu. Hilo ni somo. Kuchora kipanya si somo.

Na ninyi wa mashirika mnaotoka mbali na magari meupe: tunawashukuru kwa nia, lakini acheni kutuletea tovuti. Leteni mashine, kaeni majuma matatu badala ya siku tatu, na kabla hamjaondoka mwacheni mtu wa hapa aifute yote mbele yenu na kuiandika upya kutoka ukurasa mweupe. Kama hawezi, kazi yenu haijaisha na ripoti yenu msiitume.

Limebaki jina. Wazee wanakumbuka kwamba zamani anwani za nchi hii katika mtandao ziliishia na .zr, ya Zaire. Nchi ikabadilika jina Mei 1997, ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa na jina huko na hakuhama, jina lilikwenda. Jina la tovuti hukodishwa kwa mwaka, na mbele ya sheria ni la yule aliyeandikwa katika kitabu cha msajili, hata kama wanachama mia mbili walichanga. Kwa hiyo wanachama wenzangu, katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufika kwenye soda na mandazi, mwombeni rais wenu asimame aseme mbele ya wote: jina letu limeandikishwa kwa nani, linaisha tarehe gani, na karatasi ya mipangilio iko katika nyumba ya nani. Akijibu yote matatu, mpigieni makofi. Akisema atamuuliza fundi, andikeni hilo katika ripoti ya mkutano, na tarehe.